Daktari na Mfamasia Wanajibu: Aspirini, klopidogreli na mishipa ya moyo

Mwezi huu tumekusanya barua za Kanda ya Ziwa zinazohusu dawa zinazozuia chembe sahani za damu zisishikane ndani ya mishipa ya moyo. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyaacha.

Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, tunaishi Nansio, Ukerewe. Miezi minne iliyopita alipata shambulio la moyo, akapelekwa Dar es Salaam, akawekewa stenti moja. Alirudi na aspirini ya miligramu 75 na klopidogreli ya miligramu 75, kila moja kidonge kimoja kwa siku. Klopidogreli imeisha juzi, na duka la dawa la huku lina aspirini tu. Mzee anatembea mpaka mwaloni na kurudi bila kuchoka. Je, ameze aspirini mbili badala yake mpaka mwisho wa mwezi tutakapokuja mjini?
*Binti wa mzee, Nansio*

Marahaba. Mwisho wa mwezi ni mbali mno. Klopidogreli itafutwe leo, na aspirini asiiache hata siku moja wakati inatafutwa.

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kilichotanuliwa ndani ya mshipa uliokuwa umesinyaa. Miezi ya mwanzo chuma hicho kiko wazi kwa damu, maana utando wa ndani wa mshipa haujakifunika vizuri. Chembe sahani zikikigusa hufanya kazi ile ile zinayoifanya ukijikata kisu: zinanata, halafu zinatoa kemikali za kuziita nyingine. Kemikali mbili ndizo kubwa katika wito huo, thromboksani na ADP. Aspirini inazuia thromboksani isitengenezwe. Klopidogreli inaziba pale ADP inapojishikiza kwenye chembe sahani. Ukimpa mzee aspirini mbili, unafunga mara ya pili mlango uliokwisha kufungwa, na ule mwingine unabaki wazi. Miligramu 75 zinatosha karibu kabisa kuzima thromboksani ya chembe sahani. Kinachoongezeka ukizidisha ni hatari ya tumbo kutoa damu.

Kutembea bila kuchoka ni habari njema, lakini inakueleza kwamba stenti iko wazi leo, basi. Stenti ikiganda damu huziba kwa dakika, bila dalili za kutangulia, na shambulio linalofuata huwa kubwa. Wengi hawafiki hospitali. Chanzo kimojawapo kinachojulikana sana ni mgonjwa kukatiza mojawapo ya dawa hizi mbili mapema, na mara nyingi hakuna aliyemwambia aache. Dawa iliisha tu, kama kwenu.

Kwa kawaida aliyewekewa stenti baada ya shambulio la moyo hutumia dawa zote mbili kwa miezi 12. Aliyewekewa kwa miadi, kwa sababu ya maumivu ya kifua yanayokuja akitembea na kutulia akipumzika, hutumia miezi 6 hivi. Baada ya hapo hubaki na moja, aghalabu aspirini, maisha yake yote. Daktari anaweza kufupisha muda huo kwa mtu anayetoka damu kirahisi, au kuurefusha. Soma karatasi ya kuruhusiwa hospitalini. Muda umeandikwa humo, na kama haukuandikwa, piga simu uulize.

Sasa la kufanya. Piga picha cheti cha dawa, kitume kwa ndugu aliye Mwanza mjini, aende nacho kwenye famasia kubwa. Asitafute jina la kampuni lililokuwa kwenye pakiti ya kwanza. Atafute klopidogreli ya miligramu 75, ya kiwanda chochote kilichosajiliwa. Vidonge vije na meli. Wakati huo huo piga simu wodi iliyomruhusu mzee, useme amekosa siku ngapi. Hesabu hiyo ina maana yake. Klopidogreli ikishaishika chembe sahani haiiachii mpaka chembe hiyo ife, nayo huishi siku 7 hadi 10. Uboho wa mifupa hutoa chembe mpya kiasi cha sehemu moja ya kumi kila siku. Kwa hiyo aliyekosa siku moja bado ana kinga kubwa, ila ikifika siku ya tano kinga nyingi imeshaondoka. Akiwa amekosa siku kadhaa, daktari anaweza kuagiza aanze na miligramu 300 kwa mpigo, yaani vidonge vinne, kisha arudi kwenye kimoja. Msimpe dozi hiyo kwa uamuzi wenu. Daktari anataka kwanza kujua kama ametoka damu popote.

Akisahau siku moja tu, ameze anapokumbuka. Kesho yake ni kimoja kama kawaida, hakuna kufidia kwa viwili.

Na kwa mtu wa kisiwani, pakiti mpya inunuliwe kabla ya ile ya sasa kubakiwa na vidonge 14. Ziwa likichafuka meli haiondoki, na famasia ya Nansio haikuahidi kuweka dawa hiyo.

Mimi ni dereva wa daladala, miaka 46, Buhongwa. Sijawahi kuumwa moyo ila presha yangu nikipima inacheza kwenye 150 kwa 95. Wenzangu stendi wanameza aspirini ndogo kila usiku ili damu iwe nyepesi. Na mimi nianze?

Usianze. Tibu presha.

Aspirini ina faida iliyothibitika kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa: amepata shambulio la moyo, ana stenti, amefanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, au amepata kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa asiye na historia hiyo hesabu inabadilika. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya tafiti kubwa tatu juu ya watu ambao, kama wewe, hawana historia hiyo. Mmoja, ASCEND wa Uingereza, ulifuatilia watu 15,480 wenye kisukari wasio na ugonjwa wa moyo kwa zaidi ya miaka saba. Waliopata tatizo kubwa la mishipa walikuwa asilimia 8.5 kwa waliomeza aspirini, na 9.6 kwa waliomeza kidonge kitupu. Waliotoka damu vibaya walikuwa asilimia 4.1 dhidi ya 3.2. Ulichopata mkono huu unakitoa kwa mkono ule. Mwingine, ASPREE, uliangalia wazee wenye afya wa Australia na Marekani: aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, na damu waliitoa zaidi.

Wewe una sababu nyingine ya kukaa mbali nayo. Presha isiyodhibitiwa ndiyo inayopasua mishipa ya ubongo, na mshipa ukipasuka ndani ya mtu anayemeza aspirini, damu inachelewa kukata. Nenda kituo cha afya upimwe siku mbili au tatu tofauti, ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, dawa ya presha itakukinga na shambulio la moyo na kiharusi kuliko aspirini. Punguza samaki wa chumvi, na chumvi ya kunyunyizia chipsi juu kwa juu. Upime pia sukari na mafuta ya damu. Kama unavuta sigara, hakuna kidonge kitakachokupa faida inayokaribia ile ya kuacha.

Wenzako wa stendi nao waulizwe: nani alimwandikia? Mwenye stenti aendelee. Aliyeanza kwa kuigana aende akamwone daktari.

Mimi ni mvuvi, kisiwa cha Kome. Nina miaka 52. Niliambiwa mishipa ya moyo imeanza kuziba, nikapewa aspirini 75 na dawa ya mafuta. Miezi miwili sasa tumbo linaniwaka. Zamani niliwahi kutibiwa kichocho mara nyingi. Mgongo ukiuma baada ya kuvuta nyavu huwa nanunua diklofenaki. Niache aspirini?

Barua yako ina mambo matatu, na lile ulilolitaja kwa kupita ndilo linalotutia wasiwasi zaidi.

Minyoo ya kichocho cha tumbo kinachopatikana katika Ziwa Victoria hutaga mayai yanayonasa kwenye ini. Miaka ikienda, ini hupata makovu kuzunguka mishipa yake, damu ya kutoka tumboni inakosa njia, inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya sehemu ya chini ya umio. Mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu beseni zima. Mwenye hali hiyo akimeza aspirini pasipo mtu kujua, yuko hatarini. Prazikwanteli inaua minyoo lakini mishipa iliyokwisha kuvimba haiondoi mara moja. Kwa hiyo mwambie daktari wako, kwa maneno haya haya, kwamba umeugua kichocho mara nyingi. Aombe ultrasaundi ya ini na bandama, na picha kamili ya damu. Bandama iliyokua huzishika chembe sahani. Zikiwa chini ya 50,000 kwa kila maikrolita, aspirini inahitaji kufikiriwa upya na mtaalamu. Ultrasaundi ikionyesha dalili za ini kuzibwa, unahitaji kuangaliwa umio kwa kamera, na huduma hiyo ni ya hospitali ya rufaa kama Bugando. Mishipa ikikutwa imevimba, inaweza kufungwa kwa vipira vidogo au kupunguziwa shinikizo kwa dawa, kisha suala la aspirini likajadiliwa.

La pili ni diklofenaki. Iache kuanzia leo. Inachubua tumbo kwa njia ile ile ya aspirini, na zikiwa mbili hatari inazidishwa. Isitoshe, diklofenaki yenyewe huongeza uwezekano wa shambulio la moyo kwa mtu ambaye mishipa yake imeanza kuziba. Ibuprofeni nayo ina ubaya wa aina yake: ikitangulia kumezwa, inakaa mahali ambapo aspirini ilipaswa kukaa kwenye chembe sahani, na aspirini ya siku hiyo inapotea bure. Kwa mgongo tumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24; ini likikutwa lina shida, daktari atakupunguzia. Angalia pia dawa za kichwa za dukani. Nyingi zina aspirini ndani, na pakiti nyingine huandika jina la kikemikali, asidi asetilisalisiliki. Mpe muuzaji wa duka la dawa muhimu akusomee.

La tatu, tumbo kuwaka. Kumeza aspirini baada ya chakula kunapunguza kichefuchefu, ila hakuzuii vidonda. Hata ile yenye gamba linaloyeyukia utumbo mdogo haizuii sana, kwa sababu madhara hayaletwi na kidonge kugusa tumbo peke yake. Dawa ikishaingia kwenye damu inapunguza ute unaolikinga tumbo, popote ilipoyeyukia. Kinachosaidia ni kupima bakteria wa vidonda vya tumbo, wale wa pailori, kwa kipimo cha choo, na kuwatibu wakionekana. Kipimo hicho hudanganya ukiwa unatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa hiyo iachwe wiki mbili kabla. Baada ya kipimo, dawa ya kupunguza asidi inaweza kuendelea sambamba na aspirini. Wewe unatumia aspirini tu, omeprazoli inakufaa. Wanaotumia klopidogreli wapewe pantoprazoli, maana omeprazoli inazuia kimeng'enya cha ini kinachoiamsha klopidogreli, na bila kuamshwa haifanyi kazi.

Kuhusu kuacha: usiache kimya kimya, lakini usingoje pia. Panga kuonana na daktari wiki hii. Ukiona choo cheusi ti, kinachonata, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, au ukatapika damu, au kizunguzungu ukisimama, usimeze kidonge kingine, na uvuke kwenda hospitali siku hiyo hiyo, si kesho asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo hufanya choo kuwa cheusi, ila hakinati wala hakitoi harufu hiyo. Na pombe, hasa gongo, haikai na dawa hii.

Mume wangu ana kisukari. Nimesikia mtu akishikwa na kifua atafune aspirini. Ngapi, na ipi? Tupo Mabatini, juu kabisa, gari halifiki.

Miligramu 300. Kama mna za 75, ni vidonge vinne. Kama mna kile kikubwa cha 300, ni kimoja. Avitafune mpaka viwe unga, ndipo ameze na maji kidogo. Kutafuna kunafanya dawa ianze kazi ndani ya robo saa au zaidi kidogo; kumeza kizima kunachelewesha, na chenye gamba kikimezwa kizima kinachelewesha saa kadhaa. Faida hii si ndogo. Utafiti wa ISIS-2 uliotoka mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aspirini iliyoanzwa siku ya shambulio na kuendelea kwa mwezi mmoja ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23.

Asipewe kama aspirini iliwahi kumvimbisha uso au kumbana pumzi, kama anatapika damu, au kama mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki. Hicho huenda ni kiharusi, na bila picha ya kichwa hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Maumivu ya kuogopa ni ya kubana au kulemea katikati ya kifua, yakizidi dakika 15, yakienda taya, shingo au mkono, na jasho la baridi. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa: anakosa pumzi ghafla, anatapika, anaishiwa nguvu. Wengi husema ni gesi. Kama hajawahi kuwa na gesi ya kumtoa jasho saa tisa usiku, msiiite gesi.

Kwa kuwa mko juu, asishuke ngazi kwa miguu. Kila hatua inadai damu ambayo moyo hauipati. Abebwe na watu wanne kwenye kiti mpaka barabarani, na huko gari iwe imeshaitwa. Bodaboda si nzuri kwa mtu anayeweza kuzimia njiani. Mpelekeni penye kipimo cha umeme wa moyo usiku na mchana. Hilo ulizeni leo, mkiwa wazima. Kipimo kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 baada ya kufika. Mwambieni daktari saa maumivu yalipoanza na aspirini mliyompa, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 12 za mwanzo, na saa mbili tatu za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Kama ametumia dawa ya nguvu za kiume, lisemeni hilo bila aibu. Dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi ikikutana nayo inaweza kuishusha presha mpaka azimie.

Daktari wa meno ameniambia niache aspirini wiki nzima ndipo aning'oe jino. Nina stenti ya mwaka juzi. – Msomaji, Pasiansi

Kung'oa jino moja au mawili hakuhitaji kuacha aspirini. Damu itatoka muda mrefu kidogo. Unang'ata pamba safi kwa nusu saa bila kuifungua kuchungulia, na daktari anaweza kushona fizi. Usisukutue kwa nguvu siku hiyo. Mwombe awasiliane na daktari wako wa moyo. Upasuaji mkubwa una utaratibu wake: klopidogreli huachwa siku 5 kabla, na dawa nyingine za kazi hiyo hiyo, prasugreli siku 7 na tikagrelori siku 3 hadi 5; aspirini mara nyingi huendelea. Upasuaji usio wa dharura huahirishwa mpaka muda wa kutumia dawa mbili uishe.

Natumia ARV na sasa nimeandikiwa tikagrelori baada ya shambulio la moyo. Zinagombana?

Inategemea ARV ipi. Mchanganyiko wenye dolutegraviri, unaotumiwa na wengi sasa, hauna ugomvi nayo. Mchanganyiko wa mstari wa pili, unaotolewa ule wa kwanza ukishindwa, wenye ritonaviri unagombana sana: unapandisha tikagrelori kwenye damu, na hizo mbili hazitumiki pamoja. Kurudi kwenye klopidogreli nako si suluhisho la haraka, kwani ritonaviri huizuia isiamshwe. Prasugreli inaweza kufaa, ila kamwe si kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu naye hafai tikagrelori, kwa sababu iliyo kinyume: inaondolewa mwilini upesi mno. Nenda na kadi ya kliniki kwa daktari wa moyo, na cheti cha moyo kliniki. Ukiwa kwenye tikagrelori ni kidonge cha miligramu 90 asubuhi na jioni, na aspirini isizidi miligramu 100 kwa siku. Ukihisi pumzi fupi wiki za mwanzo, usiache. Ni athari inayojulikana ya dawa hiyo, lakini nenda ukapimwe, kwani moyo kushindwa kazi nao huanza hivyo hivyo.

Aspirini zangu nimezitoa kwenye pakiti nikaziweka kwenye kichupa dirishani. Zimeanza kunuka siki. Bado zinafaa? – Bibi, Kirumba

Shikamoo bibi. Hazifai. Unyevu wa hewa ya ziwani umezivunja. Hiyo harufu ya siki ni asidi inayotoka aspirini inapooza, na ukiangalia vizuri utaona vijisindano vyeupe juu ya kidonge. Zirudishe famasia wakazitupe, wajukuu wasizikute. Mtoto mwenye homa hapewi aspirini kabisa. Pakiti mpya iache kwenye karatasi yake ya bati, ukitoa kimoja kimoja kwa siku, na uiweke kabatini chumbani, mbali na jiko na dirisha. Kwenye bati hilo andika kwa kalamu siku za wiki, ndipo utajua kama cha leo umeshameza.